Likizo ndefu: uende utafiti au ushike kazi ya chuoni? Mwongozo kamili kwa wanafunzi wa Unguja na Pemba

Kila ukifika mwezi wa sita, mitihani ikiwa mlangoni, simu yangu huanza kuingia swali moja kwa sura nyingi. "Kaka, nimepata nafasi ya utafiti lakini hawalipi." "Kaka, maktaba wanataka mtu wa kushika zamu likizo nzima, niende?" "Baba anasema nirudi Pemba, mwalimu wangu anasema nibaki, nimsikilize nani?" Wanaouliza ni wadogo zangu wa Wete na Mkoani, kule Pemba, wanaosoma chuo Tunguu, Unguja, na siku hizi hata watoto wa Unguja ambao hatujawahi kuonana. Nimechoka kujibu nusu nusu usiku wa manane, kwa hiyo leo naandika yote niyajuayo.

Msimamo wangu nautoa mapema. Jina "utafiti" peke yake halina uzito wowote. Nafasi ya utafiti ina thamani pale tu unapofanya kazi chini ya jicho la mtu, ukatoka na kitu unachoweza kukionesha. Kama haina hayo, chukua kazi ya chuoni, ulipwe, na uifanye vizuri. Hatua zinazofuata ni za kukusaidia kujua nafasi iliyo mbele yako ni ya aina gani.

Hatua ya 1: Hesabu wiki zako za kweli

Kwenye ratiba ya chuo likizo huonekana ndefu sana. Chukua karatasi, andika siku ya mtihani wako wa mwisho na siku ya kufungua, kisha anza kukata.

Kata kwanza fildi. Kama skuli yako inakudai mafunzo kwa vitendo mwaka huu, hizo wiki si zako. Lakini hapo hapo nenda kamuulize mratibu wa fildi: je, nafasi ya utafiti inaweza kuhesabiwa kuwa ndiyo fildi yenyewe? Mara nyingi inawezekana, mradi taasisi ikubali kujaza fomu za tathmini na msimamizi wa chuo apate kuja kukuona. Wengi hawaulizi, wakajikuta wamefanya kazi mara mbili.

Kata sapu. Ukihisi kuna somo halikukaa vizuri, usijidanganye. Mitihani ya marudio kwa kawaida huwekwa kabla ya mwaka mpya kuanza, na ukiwa kijijini unakusanya sampuli hutapata nafasi ya kusoma. Afadhali kazi ya zamu hapo hapo chuoni, jioni ukae na daftari lako.

Kata na ya nyumbani. Sisi wa Pemba tunajua: karafuu zikishika, kila mwenye mikono anahesabiwa, na pishi utakazochuma ni fedha halali kama mshahara mwingine wowote. Zungumza na wazee mapema, uwaambie tarehe. "Baba, nitabaki Unguja mpaka tarehe fulani, kisha nitakuja" ni maneno yanayopokelewa. Kunyamaza mpaka boti ya mwisho ndiko kunakoleta maneno.

Zikibaki chini ya wiki sita, utafiti mwingi wa uwandani hautakutosha. Utaishia kujifunza vifaa, na kazi yenyewe itafanywa wewe umeshaondoka.

Hatua ya 2: Jua nafasi zinapatikana wapi

Nafasi za utafiti kwetu hazibandikwi sana ukutani. Hupatikana kwa barua ya utambulisho, kwa mwalimu anayekujua, na kwa kwenda mwenyewe na miguu yako. Mwanafunzi wa bahari anajua Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Buyu, na taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Zanzibar, ZAFIRI. Wa kilimo ana ZARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, Kizimbani. Wa afya ana ZAHRI, taasisi ya utafiti wa afya, kwa Unguja, na kwa Pemba ipo Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, Wawi, karibu na Chake Chake, inayofanya kazi tangu mwaka 2000 na ambayo kazi zake za minyoo na kichocho zinajulikana mbali. Wa uchumi na hisabati aitazame Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali.

Na kuna mahali ambapo wanafunzi wa historia na Kiswahili hupasahau: Nyaraka, yaani hifadhi ya kumbukumbu za Zanzibar, pale Kilimani. Kuna hati za Kiarabu, barua za zamani na magazeti, na mwanafunzi mwenye subira na mwandiko mzuri anaweza kutumia wiki nane pale akatoka na mada ya tasnifu ambayo hakuna aliyeigusa.

Kazi za chuoni ni habari nyingine. Hatuna mfumo kama wa wenzetu wa nje, ambako kila idara ina wanafunzi wa kulipwa. Zetu huja vipande vipande: zamu za maktaba, chumba cha kompyuta, kuingiza taarifa za wanafunzi wapya, kumsaidia mwalimu kusahihisha takwimu, duka la fotokopi langoni. Mnamo miezi ya kusi huja pia wageni kusoma Kiswahili, nao wanahitaji mtu wa kuzungumza naye na kutembea naye mjini. Kazi hiyo ya mwisho naipenda. Inakulazimisha uijue lugha yako kwa namna ambayo hukuwahi kuifikiria, kama kumweleza Mmarekani kwa nini tunasema "nimechoka" kwa uchovu wa sasa hivi.

Kama wewe uko Marekani kwa masomo, hesabu yako ni tofauti kabisa na usifuate ya rafiki zako wenyeji. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo chake hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na zaidi ya hapo wakati wa likizo. Mpango wa REU wa NSF, yaani utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza unaogharimiwa na mfuko wa sayansi wa taifa hilo, ambao wenzako watakuwa wakiusifia, ni wa raia na wakaazi wa kudumu wa Marekani tu. Utafiti wa kulipwa nje ya chuo chako unahitaji kibali, mara nyingi cha CPT (mafunzo kwa vitendo yaliyo sehemu ya masomo yako), na kwa kawaida hukipati kabla ya kumaliza mwaka mmoja wa masomo. Lakini profesa wa chuo chako mwenyewe anaweza kukuajiri maabara kwake kwa fedha zake, na hiyo huhesabiwa kazi ya ndani ya chuo. Kwako wewe basi utafiti na kazi ya chuoni vinaweza kuwa kitu kimoja. Pita ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kukubali chochote.

Hatua ya 3: Tafuta bei ya utafiti

Nafasi isiyolipa ina bei, na bei hiyo unailipa wewe au wazee wako. Bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo, limeshakwisha, na mkopo haulipi likizo. Kwa hiyo fanya hesabu hii. Namba ni za mfano, tia zako.

Tuseme nafasi ya utafiti ni siku 40 za kazi. Unaunganisha gari mbili kwenda na mbili kurudi, jumla shilingi 2,400. Chakula cha mchana 3,000. Bando la kutuma picha na data 1,000. Hiyo ni 6,400 kwa siku, na kwa siku 40 ni 256,000. Mradi unakupa posho ya 150,000 kwa kipindi chote. Unatoka na deni la 106,000.

Sasa kazi ya maktaba. Zamu ni saa 2 asubuhi mpaka saa 8 mchana, unakula nyumbani. Nauli 1,600 kwa siku, jumla 64,000. Unalipwa 200,000 kwa mwezi, miezi miwili 400,000. Unabaki na 336,000.

Kutoka kuwa na 336,000 mkononi hadi kudaiwa 106,000 ni tofauti ya 442,000. Hiyo ndiyo bei ya utafiti huo. Jiulize wazi: kama mtu angekuja na risiti akaniambia nilipe 442,000 kwa nafasi hii, ningelipa? Na nani hasa anayelipa? Ukiwa Mpemba usiye na ndugu Unguja, ongeza kodi ya chumba, kwa sababu dahalia inaweza kufungwa.

Simaanishi kwamba bei ikiwa kubwa ukatae. Mimi niliilipa mara moja na sijuti. Ila niliilipa nikijua.

Hatua ya 4: Muulize msimamizi maswali matatu

Hapa ndipo mambo yote yanapoamuliwa, na ndipo wanafunzi wetu wanapoona haya. Tumelelewa kutomhoji mkubwa. Lakini kuuliza kwa adabu ni sehemu ya elimu, na msimamizi mzuri hufurahi kuulizwa.

La kwanza: nani atakayekuwa nami kila siku? Daktari mwenye jina kubwa yumo safarini nusu ya mwaka. Unayemtaka ni mtafiti msaidizi, mwanafunzi wa uzamili au fundi wa maabara, atakayekuonesha namna ya kushika kitu na kukwambia umekosea. Ukiambiwa "utajionea hapa hapa," jihadhari.

La pili: nitakapomaliza, kazi gani itabaki yenye jina langu? Inaweza kuwa ripoti ya kurasa kumi, jedwali la data, ramani, bango la kuwasilisha. Ndogo haidhuru. Iwepo tu.

La tatu, ambalo ni zito kuliko yote: data nitakayokusanya, nitaruhusiwa kuitumia kwa tasnifu yangu ya mwaka wa mwisho? Jibu likiwa ndiyo, umeokoa miezi. Wenzako wakirudi chuoni wanatafuta mada, wewe unachambua. Kama utafiti unahusu afya za watu, uliza pia kama kibali cha maadili kinakujumuisha wewe, kwa sababu bila hicho data haiwezi kuwa yako hata msimamizi akitaka.

Nayasema haya kwa sababu yalinipita. Likizo yangu ya kwanza nilikwenda ofisi moja, sitaitaja, nikijiita mtafiti mbele ya wanakijiji wenzangu. Wiki saba nilitoa fotokopi, nilipanga mafaili kwa rangi, nilikwenda kununua maji ya chupa ya wageni. Hakuna aliyenitendea ubaya. Walikuwa watu wema. Hawakuwa na kazi ya kunipa, na mimi sikuuliza. Mama yangu aliuza kuku watano kunipa nauli za wiki zile. Hilo mpaka leo linaniuma.

Likizo ya pili nilikata shauri kufanya kazi, nikaingia maktaba. Nikapewa rundo la vitabu ambavyo havijawahi kuingizwa kwenye kompyuta. Jina la kitabu, mwandishi, mwaka, rafu. Kila siku mistari mia, mia na hamsini. Bibi mkutubi alikuwa akipita nyuma yangu, anaweka kidole kwenye kioo: "Mwanangu, mwaka huu umeuandika kwa maneno, kule juu umeandika kwa tarakimu. Kompyuta haitajua kuwa ni kitu kimoja." Nilidhani ananionea. Kumbe alikuwa akinifundisha kusafisha data, na kwa ujuzi huo huo mwaka uliofuata nikachukuliwa kwenye utafiti wa mwani, kwa sababu msimamizi alikuwa na majedwali machafu na hakuwa na mtu wa kuyapanga. Nakiri wazi: maktaba ilinifikisha kwenye utafiti kuliko ile ofisi ilivyonifikisha.

Ujumbe wa kumwandikia msimamizi uwe mfupi. Unaweza kuandika hivi:

"Assalaam alaykum Dokta. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, shahada ya sayansi ya mazingira. Nashukuru kwa kunifikiria katika mradi wa Chwaka. Kabla sijakamilisha taratibu za chuo, naomba kufahamu mambo matatu ili nijipange: nitakuwa chini ya nani kwa kazi za kila siku, nitatarajiwa kukamilisha kazi gani mwisho wa likizo, na kama nitaweza kuitumia sehemu ya data katika tasnifu yangu. Vile vile naomba kujua kama kuna posho ya nauli. Niko tayari kuja ofisini siku yoyote utakayoona inafaa."

La nauli liwe mwisho, lakini liwemo. Asipojibu, subiri wiki moja, kisha nenda mwenyewe asubuhi.

Hatua ya 5: Pima kwa mwaka uliomo

Mwaka wa kwanza, mimi hupendelea kazi. Bado hujasoma takwimu, hujui kutumia vifaa, na msimamizi hana la kukupa ila kubeba ndoo. Mwaka wa pili au wa tatu, yaani mwaka ulio kabla ya tasnifu, utafiti ndio wakati wake, na hapo niko tayari kukushauri hata ukope nauli. Ukishamaliza tasnifu, rudi kwenye hesabu ya Hatua ya 3, fedha ziamue.

Ila ukitaka uzamili, uliza kwanza nani atakuandikia barua. Barua ya mtu aliyekuona ukifanya kazi matopeni ina nguvu kuliko ya mwalimu aliyekufundisha darasa la watu mia mbili.

Hatua ya 6: Tazama mwezi, huenda vyote viwili vikakaa

Hii ni kwa watu wa bahari hasa. Kazi ya ufukweni haifuati Jumatatu na Ijumaa, inafuata bamvua, yaani siku za maji makubwa. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hutoka mbali sana, na pwani zetu siku za bamvua hukauka kabisa karibu saa 4 asubuhi. Kila siku inayofuata maji husogea kwa dakika hamsini hivi. Yakifika maji mafu, siku ambazo bahari haitoki mbali, huna cha kupima. Mashamba ya mwani yamefunikwa.

Maana yake ni kwamba kila mwezi una vipindi viwili vya siku tano sita za kazi kali, na katikati kuna siku za kuingiza data. Nenda na kalenda ya maji kwa mkubwa wako wa kazi, mwoneshe tarehe, umwombe zamu za jioni katika siku za bamvua. "Bi Mkubwa, tarehe hizi naomba niingie saa 8, nitafidia kwa Jumamosi." Nilifanya hivyo, nikakubaliwa. Mtu akiona umejipanga hupata moyo wa kukusaidia.

Siku yangu ya kwanza pwani ya Paje, nimevaa raba za zamani, fremu ya mraba ya bomba la plastiki mkononi, karatasi imebanwa kwenye ubao na penseli imefungwa kwa uzi, kwa sababu wino haukai majini. Nikainama nahesabu matawi yaliyopauka. Mama mmoja mwenye shamba akanisogelea.

"Shikamoo bi."

"Marahaba mwanangu. Unahesabu nini?"

Nikamwambia nahesabu mwani unaoumwa. Akachukua tawi moja la kotonii, aina ya mwani unaolimwa, akalibana kati ya vidole viwili pale lilipokuwa jeupe kama mfupa. Likakatika bila sauti. "Huu haukuumwa leo," akasema. "Maji yalikuwa moto juzi na jana yake. Leo unaona kaburi tu. Njoo uhesabu siku ya joto yenyewe." Jioni nilimweleza msimamizi, naye akabadilisha ratiba, tukaanza kupima joto la maji kila siku ya bamvua. Sentensi moja ya ripoti yangu ilitoka kwa mama yule, na nilimwandika kwa shukrani.

Nafasi kama hiyo ndiyo inayostahili 442,000.

Hatua ya 7: Jibu pande zote mbili, tena upesi

Ukishaamua, mwambie uliyemkataa ndani ya siku mbili. Usikubali kote kuwili ukasubiri kuona. Unguja ni ndogo. Mkutubi na mtafiti huenda wanakutana harusini. Mpigie simu au nenda, ujumbe uje baadaye: "Mwalimu, nashukuru sana, mwaka huu hali ya nyumbani hainiruhusu kufanya kazi bila posho. Nikijaaliwa mwakani naomba unikumbuke." Mtafiti mmoja aliyeambiwa hivyo na mwanafunzi ninayemjua alimtafutia posho ya nauli ndani ya wiki. Siahidi kuwa itakuwa hivyo kwako, lakini kusema ukweli wa fedha si aibu.

Uliyemkubalia, mwombe barua fupi yenye tarehe ya kuanza, ya kumaliza, na kiwango cha posho au mshahara. Barua hiyo pia ndiyo chuo watakayokudai kwa ajili ya fildi.

Hatua ya 8: Wiki ya mwisho

Usiondoke kimya kimya ukawahi boti. Siku tano kabla, kaa na msimamizi mpitie ulichofanya. Mwachie data yote iliyopangwa, na wewe chukua nakala ya ile uliyoruhusiwa, uihifadhi sehemu mbili, kwa sababu flashi hufa. Omba barua ya uthibitisho wakati huo huo, akiwa bado anakumbuka jina lako na sura yako. Kama ni kazi ya maktaba au chumba cha kompyuta, fanya vivyo hivyo: mwombe mkubwa wako aandike ulishika zamu ngapi na uliingiza rekodi ngapi. Hesabu hizo ziandike mwenyewe kila jioni tangu siku ya kwanza, kwenye daftari dogo la mfukoni, usingoje mwisho.

Na kama ulikusanya data kijijini, rudi siku moja bila fremu wala karatasi, uwaeleze waliokupa muda wao umeona nini. Mimi nilikwenda Paje na mkate wa mofa na chupa ya chai. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza maswali mawili ambayo sikuwa na majibu yake, na hayo mawili ndiyo yaliyokuwa mada ya tasnifu yangu.